Kuuza michoro mtandaoni bila kuibiwa: mwongozo kamili kwa wachoraji wa Nyanda za Juu Kusini

Picha ikishafunguka kwenye simu ya mtu mwingine, mtu huyo anayo. Atapiga skrinshoti, na ukimzuia skrinshoti ataipiga kwa kamera ya simu ya pili. Kuzima kitufe cha kulia cha kipanya kwenye tovuti au kutuma picha ya kutazamwa mara moja humsumbua mnunuzi mwaminifu na kumchelewesha mwizi sekunde kumi tu. Ulinzi wenye nguvu unaanzia kwenye mafaili: unaloonyesha lisiwe lile unalouza, na unalouza lisiwe lile ulilochorea.

Mfano wetu utakuwa mchoro mmoja: maua ya Kitulo, ukubwa wa A3, umechorwa kwa Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta. Anayetumia ibisPaint kwenye simu, Procreate au Photoshop afuate hatua zilezile, majina ya vitufe tu ndiyo yatakayotofautiana.

Kwanza hakikisha mchoro ni wako

Hakimiliki hulinda namna ulivyochora. Wazo hailindi. Kimondo cha Mbozi, Daraja la Mungu kule Kiwira, mwamba wa Gangilonga pale Iringa, hivyo ni vya kila mchoraji. Mwenzako akichora Kimondo kwa mkono wake, hujaibiwa, hata kama wazo alilipata baada ya kuona mchoro wako. Lakini ukichukua picha ya mpiga picha fulani ukapitisha kalamu juu yake mstari kwa mstari, aliyechukua cha mtu ni wewe. Siku utakapolalamika, unayemlalamikia atatafuta chanzo cha mchoro wako, na akikipata hoja yako inaanguka. Tumia picha ulizopiga mwenyewe, na uzihifadhi kwenye folda moja na mchoro.

Ushahidi huandaliwa wakati wa kuchora

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu kazi inapotengenezwa, bila kusubiri usajili, na ulinzi unaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Zanzibar ina sheria yake. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, kwa hiyo kazi yako inalindwa pia katika nchi nyingine wanachama. Shida huja kwenye kuthibitisha: mwizi naye atasema amechora yeye. Ndiyo maana kusajili kazi COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kuna faida hata kama haki unayo tayari. Unapata karatasi yenye tarehe iliyotoka nje ya kompyuta yako. Usisajili kila mchoro wa mazoezi. Sajili ile michoro unayoitegemea kwa mauzo.

Mengine unayafanya mwenyewe. Washa kirekodi cha uchoraji: Procreate na ibisPaint huhifadhi video ya hatua zako, na Krita kuanzia toleo la 5 ina kirekodi chake, ila lazima ukiwashe kabla ya kuanza. Usiunganishe leya zote (tabaka za mchoro zinazokaa moja juu ya nyingine) halafu ukahifadhi juu ya faili lilelile. Hili ndilo kosa linalowagharimu wachoraji wengi, kwa sababu leya za mchoro wa awali, rangi za chini na masahihisho ni kitu ambacho mwizi hana na hawezi kukitengeneza kwa haraka. Hifadhi pia hatua tatu au nne za kazi: kitulo-01, kitulo-02, mpaka mwisho.

Kisha lipe faili alama ya kidole, yaani namba ndefu inayolitambulisha faili hilo peke yake. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda, uandike:

certutil -hashfile kitulo-asili.kra SHA256

Utapata mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata pikseli moja (kinukta kimoja cha picha), mfululizo unabadilika wote. Unakili kwenye barua pepe, ujitumie siku hiyohiyo, na usiifute. Barua hiyo imepita kwenye seva za kampuni nyingine na ina tarehe usiyoweza kuirudisha nyuma. Kuanzia hapo usiliguse faili hilo: ukilifungua ukalihifadhi upya, namba haitalingana tena. Fanyia kazi nakala.

Weka faili la asili sehemu mbili zaidi ya kompyuta yako: flashi au diski inayokaa nyumba nyingine, na hifadhi ya mtandaoni. Kompyuta ikiibiwa, au umeme ukikatika faili likiwa katikati ya kuhifadhiwa, ushahidi wako unapotea pamoja na kazi.

Mafaili matatu

La kwanza ni la asili, lenye leya. Hilo halitoki, hata kwa mteja aliyelipa, isipokuwa umemuuzia hilo lenyewe kwa bei yake na kwa maandishi.

La pili ni la kuuza. A3 kwa pikseli 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961, A4 ni 2480 kwa 3508. Mpe mnunuzi ukubwa aliolipia. Aliyenunua picha ya A4 hana sababu ya kupewa A3, na ukimpa umempa bure uwezo wa kuchapa bango dogo.

La tatu ni la kuonyesha, na hapa tukae kidogo. Chukua nakala ya faili la kuuza, ukate pikseli 100 kila upande. Ni kama sentimita 0.8 kwenye karatasi, mtazamaji hataona pengo. Unabaki na 3308 kwa 4761. Punguza upande mrefu uwe pikseli 1000, upande mfupi utakuwa 695. Hifadhi kwa JPEG, ubora 70. Zile kingo ulizokata hazijawahi kuonekana mtandaoni; nje yako anazo mnunuzi tu. Siku ya ubishi, mwambie anayejiita mchoraji alete picha yenye kingo. Hanazo. Wewe unafungua faili lako, na jani lililokatwa kwenye picha yake linaendelea kwenye yako mpaka ncha.

Pikseli 1000 zikichapwa kwenye fulana kwa urefu wa sentimita 28 zinatoa pikseli 90 hivi kwa inchi. Mchapaji huhitaji walau 150, na 300 kwa kazi safi. Kwa mchoro wenye vivuli na maelezo madogo, hiyo itatoka na ukungu. Usitegemee udogo wa picha peke yake, lakini. Programu za akili bandia za kukuza picha zimekuwa nzuri, na mchoro wa rangi tatu nne bapa, kama nembo au maandishi ya fulana, unaweza kugeuzwa kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari unaokuzwa bila kupata ukungu, kutoka kwenye picha ndogo ndani ya dakika chache. Ukiuza kazi za aina hiyo, zionyeshe zikiwa zimevaliwa: piga picha fulana yenyewe ikiwa na mikunjo, kwa pembe, kwenye mwanga wa kawaida. Mwizi itambidi anyooshe kila mkunjo. Kwa picha za ukutani, fremu iliyopigwa picha kwa upande kidogo hufanya kazi hiyohiyo.

Alama iliyofumwa ndani ya mchoro

Saini ya kona ya chini hukatwa kwa mkasi mmoja. Iweke mahali ambapo kuikata ni kuharibu mchoro. Tuseme kwenye maua yako ya Kitulo kuna kikapu cha Iringa mbele, kile cha milulu. Mistari ya ufumaji inazunguka kikapu, rangi nyeusi kwa nyeupe. Kwenye mstari mmoja, badala ya pembetatu za kawaida, fuma herufi za jina lako kwa umbo lilelile la pembetatu. Zipe urefu wa pikseli 60 kwenye A3. Faili la kuonyesha limepunguzwa karibu mara tano, hivyo herufi zitabaki na pikseli 12, ambazo zinasomeka ukivuta picha karibu. Zikiwa na pikseli 20 tu kwenye faili kubwa, kwenye dogo zitakuwa nne na WhatsApp itazifuta kabisa inapobana picha.

Ukiwa na wanunuzi wengi wa faili moja, ongeza alama ya kila mnunuzi. Chagua sehemu tano kwenye mchoro, tuseme petali tano za maua matano. Kila petali inaweza kuwa na doa au isiwe nalo. Sehemu tano zinatoa michanganyiko 32. Ule usio na doa lolote baki nao mwenyewe, na 31 iliyobaki wape wanunuzi, kila mmoja wake. Doa liwe na upana wa pikseli 40 na rangi inayofanana na madoa mengine ya ua. Andika kwenye daftari: tarehe, jina la mnunuzi, namba ya muamala, maua yenye doa. Faili likivuja utajua limetokea kwa nani hata likipunguzwa, likigeuzwa rangi au likichapwa kwenye kitambaa. Weka kila doa kwenye leya yake, kisha zima yasiyohusika kabla ya kila mauzo. Kazi yake haifiki dakika mbili.

Watamaki

Watamaki ni ile alama hafifu inayopita juu ya picha. Ikae kwenye faili la kuonyesha tu, kamwe si kwenye la kuuza. Tengeneza leya ya maandishi yenye jina la duka lako, iinamishe nyuzi 30 hivi, irudie mara tatu au nne, na uweke uzito wa kuonekana (opacity) kati ya asilimia 25 na 35. Chini ya hapo haionekani kwenye simu yenye mwanga mdogo. Juu yake inaficha kazi unayotaka kuiuza.

Ipite juu ya sehemu zenye mambo mengi: kwenye petali, kwenye nyuso, kwenye ufumaji wa kikapu. Watamaki iliyolala kwenye anga tupu la bluu huondolewa na programu ya bure kwa mguso mmoja, kwa sababu anga ni rahisi kujaza. Na usitumie stempu moja, pembe moja, mahali pamoja kwenye picha zote. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba ukiwa na picha nyingi zenye alama ileile, kompyuta inaweza kuilinganisha, kuitambua na kuiondoa kwenye zote. Badilisha pembe, ukubwa na mapindo ya herufi kila mara.

Baada ya hapo unganisha leya na utoe JPEG. Ukituma PDF ambamo watamaki ni kitu kinachojitegemea, mtu ataifungua kwa Inkscape, programu ya kuhariri michoro, aibofye, aifute. Mtego mwingine hauonekani kwa macho: baadhi ya mafaili hubeba ndani yake picha ndogo ya awali, iliyowekwa kabla ya watamaki. Iondoe kwa ExifTool, programu ya kuhariri taarifa zilizofichwa ndani ya faili, na kwa amri hiyohiyo uandike jina lako na ufute mahali picha ilipopigwa, hasa kama ulipigia nyumbani:

exiftool -ThumbnailImage= -gps:all= -Artist="Jina Lako" -Copyright="Haki zote zimehifadhiwa, Jina Lako" kitulo-onyesho.jpg

Jina hilo ndani ya faili ni la kusaidia tu. WhatsApp inapotuma kama picha huliondoa, na mitandao mingi hufanya vivyo hivyo.

Kuhusu Glaze na Nightshade za Chuo Kikuu cha Chicago: zinalenga kuzivuruga programu za akili bandia zinazojifunza mtindo wako. Hazimzuii mtu kuchapa picha. Zitumie kwenye faili la kuonyesha ukipenda, ila ukiziendesha kwenye kompyuta yako zinahitaji iwe na nguvu, na huacha mikwaruzo midogo kwenye rangi bapa.

Malipo na makabidhiano

"Nitumie kwanza nione, nikifika nalipa." Jibu lake ni faili la kuonyesha. Kwa kazi ya kuagizwa chukua nusu kabla ya kuanza, tuma hatua za kazi zikiwa na pikseli 800 na watamaki, na faili la kuuza litoke malipo yakikamilika. Meseji ya muamala uliyotumiwa na mteja, au skrinshoti ya meseji, siyo malipo. Hata meseji iliyoingia kwenye simu yako inaweza kuwa ya kughushi. Angalia salio lenyewe kwenye menyu ya mtandao wako, kwa M-Pesa ni *150*00#, ndipo utume.

Tuma kwa WhatsApp kama dokumenti ili isibanwe, au kwa Google Drive ukiruhusu barua pepe ya mnunuzi peke yake. Linki iliyowekwa "yeyote mwenye linki" itazunguka makundi yote ya WhatsApp ya Mwanjelwa kufikia jioni. Akishapakua, ondoa ruhusa. Ukiuza kupitia Payhip, tovuti ya kuuzia mafaili, weka kikomo cha mara za kupakua, na kwa PDF washa kipengele cha kugonga taarifa za mnunuzi kwenye kurasa.

Kila faili liende na leseni. Iwe fupi, kwa Kiswahili ambacho mnunuzi ataelewa:

"Mimi (jina), mchoraji na mwenye hakimiliki ya mchoro Maua ya Kitulo, ninamruhusu (jina) kuuchapa kwenye fulana zisizozidi 100, kwa miezi 12 kuanzia (tarehe), kuuzwa ndani ya Tanzania. Haruhusiwi kumpa mtu mwingine faili, kubadilisha mchoro wala kuondoa jina la mchoraji. Hakimiliki inabaki kwa mchoraji. Amelipa shilingi (kiasi), muamala namba (namba)."

Idadi, muda, eneo. Ukiacha kimojawapo, hicho ndicho mtakachogombania. Mteja anayetaka mchoro uwe wake moja kwa moja anunue hakimiliki yenyewe, kwa mkataba tofauti uliosainiwa na bei ya juu zaidi. Kwenye kazi za kuagizwa andikeni mapema nani atabaki na hakimiliki. Msiache ieleweke tu.

Anayetaka picha ya kutundika sebuleni hahitaji faili kabisa. Muuzie iliyochapwa. Hapo hatari inahamia stesheneri. Ukituma faili kwa WhatsApp ya duka, linabaki kwenye kompyuta yao, na wiki ijayo mteja mwingine ataulizwa kama anapenda maua. Nenda na flashi yenye faili moja tu, PDF ya ukubwa kamili wa karatasi ikiwa na milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukata. Omba ichapwe moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Ikilazimu kunakiliwa kwenye kompyuta, simama hapo mpaka ifutwe na pipa la taka la kompyuta limwagwe. Sema kwa upole, "Samahani kaka, naomba tuifute, ni kazi ya mteja," na wengi hawana neno. Ukirudi nyumbani ifomati flashi kabla ya kufungua chochote, kwa sababu kompyuta za maduka hupita flashi nyingi kwa siku na virusi hukaa humo.

Kusaka, na unapomkamata

Mara moja kwa mwezi chukua michoro yako mitano inayouzika zaidi, uipitishe Google Lens, TinEye na Yandex, zinazotafuta mtandaoni kwa kutumia picha. Kila moja huona vitu tofauti. TinEye ni nzuri kwa nakala zilizobadilishwa kidogo, Lens hukamata mchoro uliochapwa kwenye vikombe na fulana. Tafuta pia kipande tu cha mchoro, kile kikapu kwa mfano, maana mwizi huweza kugeuza picha kushoto kulia au kukata nusu.

Ukiona kazi yako, usimwandikie mwizi kwanza. Akishtuka atafuta. Rekodi skrini ukipitia ukurasa wake mzima, hifadhi linki kamili ya bidhaa, bei, tarehe, na linki ya akaunti, kwa kuwa jina la akaunti hubadilishwa. Ukurasa ulio wazi uhifadhi pia kwenye web.archive.org. Ikiwezekana nunua moja na utunze risiti.

Kama ni mchapaji wa hapa hapa, anza na barua. Mara nyingi faili aliletewa na mteja, na huenda akawa mnunuzi wako:

"Habari za kazi ndugu. Nimeona fulana mnazouza zenye mchoro wa maua ya Kitulo. Mchoro huo ni kazi yangu na sijatoa ruhusa uchapwe. Inawezekana mliletewa bila kujua. Naomba msimamishe kuchapa, mniambie zimechapwa ngapi na faili limetoka kwa nani. Tukikubaliana malipo ya zilizokwisha kuchapwa, naweza kuwapa leseni ya kuendelea. Naomba jibu kabla ya (tarehe)."

Mpe siku saba. Akikataa, peleka malalamiko COSOTA ukiwa na folda yako nzima. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inakataza kutumia kompyuta kuvunja haki hizi, hivyo polisi wanaweza kulipokea.

Kwa akaunti za Instagram, Facebook au maduka ya nje yanayofuata sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998 (DMCA), jaza fomu ya hakimiliki ya jukwaa lenyewe. Yanahitajika: linki ya kazi yako ya asili, linki kamili ya kila picha iliyoibiwa, mawasiliano yako, tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayana ruhusa, tamko kwamba taarifa ni sahihi na wewe ndiye mwenye haki, kisha saini, ambayo ni jina lako kamili likiandikwa. Madai mengi hukwama kwa sababu mtu ameweka linki ya akaunti badala ya linki ya picha moja moja. Tumia barua pepe ya biashara na siyo ya binafsi, kwa kuwa jina na anwani hiyo vinaweza kupelekwa kwa unayemlalamikia.

Anaweza kujibu kwa tamko la kupinga. Chini ya sheria hiyo, jukwaa huirudisha picha ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi isipokuwa umefungua kesi. Kwa hiyo ukipokea taarifa ya kupingwa usikae nayo: siku hiyohiyo mpelekee wakili video ya uchoraji, faili la leya, ile barua pepe yenye herufi 64, na picha yenye kingo ambazo mwenzako hana.